Debe la Kununulia, Debe la Kuuzia

Katika ghala langu hapa Milanzi kulikuwa na madebe mawili. Yote mawili ni ya bati, yote yana mpini wa mbao uliokatiza mdomoni, na mgeni akiyakuta yamesimama ukutani asingeona tofauti. Moja lilikuwa la kununulia, jingine la kuuzia. Lile la kununulia lilikuwa limegongwa kwa ndani, polepole, pande zote nne, mpaka likatuna. Akina mama wa vijiji vya juu, kuelekea milima ya Mbizi, wana jina lao kwa debe la namna hiyo: debe lenye mimba. Walikuwa wakilitaja huku wanacheka, nami nilicheka nao.

Nimeombwa niandike juu ya maneno ya Bwana kuhusu kibanzi na boriti. Ningeweza kuandika kama mwalimu, maana nimeyafundisha mara nyingi katika jumuiya ambayo nimekuwa mwenyekiti wake kwa miaka tisa. Nimeona heri niandike kama mtu aliyekutwa na boriti jichoni.

Mwezi wa Novemba 2024 jumuiya yetu ilikaa kufunga mahesabu ya mwaka. Mfuko wetu si mkubwa. Ni michango ya wagonjwa, rambirambi, na kidogo cha kutegemeza parokia. Tulipohesabu, Sh 43,500 hazikuonekana. Mweka hazina wetu alikuwa mama mmoja mjane. Marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu tangu ujana, na mimi humwita shemeji. Tulipomwuliza hakuzunguka. Alisema alizitumia mwezi wa nane mjukuu wake alipougua, akitumaini kuzirudisha akiuza maharage, na maharage hayakutosha.

Jambo lile lingeweza kumalizwa kwa dakika kumi. Amekiri, apangiwe kulipa kidogo kidogo, daftari apewe mwingine, tusali, tuondoke. Lakini mimi nilisimama. Nilieleza uzito wa fedha za wagonjwa. Nilieleza namna shetani anavyoanza na kidogo. Na niwaambie ukweli, wapendwa: nilimtaja Yuda. Nilisema Yuda naye alishika mfuko. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akavuta khanga yake kichwani, akatazama chini. Watoto wake wawili walikuwepo. Tukamwondoa kwenye nafasi ile kwa kunyoosha mikono, na mkono wangu ndio uliotangulia kupanda.

Kabla ya sala ya kufunga, mzee mmoja wa jumuiya yetu aliomba kusema. Tulidhani ataongeza la kwake juu ya wizi. Badala yake akatusimulia hadithi ya Milanzi, ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni. Kwa vijana wasioijua, wazee husema utawala wa kwanza wa Wafipa ulikuwa hapa Milanzi, na mtawala wa kwanza aliitwa Ntatakwa. Baadaye, siku moja, mtawala wa Milanzi alikwenda kuwinda. Alikuwa amemwonya mke wake kwamba wageni watakuja, asije akawapa kiti chake. Wakaja wanawake wageni, wa ukoo wa Watwachi. Mke yule akaogopa, akawapa kiti. Mume aliporudi akakuta mgeni amekaa juu ya kiti, na tangu hapo Watwachi ndio waliotawala Ufipa, naye wa Milanzi akabaki na heshima tu. Kila anayeisimulia ana nyongeza yake, lakini mwisho wake huwa mmoja: mwanamke alitupotezea utawala.

Mzee alipofika hapo akauliza, "Alijua wageni wanakuja. Sasa kuwinda alikwenda kufanya nini?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Mzee anatukumbusha mambo ya kwetu," nikaanzisha Baba Yetu. Usiku ule nililala usingizi mzuri sana.

Ilinichukua miezi mitatu kuelewa kwamba swali lile lilikuwa langu. Taratibu za jumuiya yetu zinataka mwenyekiti akague daftari la mweka hazina kila baada ya miezi mitatu na kutia sahihi. Nilikuja kulifungua daftari lile baadaye, nikiwa peke yangu, nikakuta sahihi zangu za mwaka mzima ziko zote, kwa kalamu ileile na wino uleule, kwa sababu nilizitia siku moja, bila kuhesabu hata shilingi. Kama ningekagua mwezi wa tisa, ningemkuta mama mwenye mgonjwa na deni la mwezi mmoja. Ningeweza hata kuwaomba wenzangu tumchangie. Mimi nilikwenda kuwinda. Niliporudi nikamgombeza aliyeachwa na kiti.

Nabii Nathani naye alimpelekea Daudi hadithi ya mtu mwingine, na Daudi akakasirika sana juu ya mtu huyo. Nathani ilimbidi amwambie wazi kwamba mtu huyo ni yeye. Mzee wetu hakuniambia. Labda aliona nimekwisha kuanza kusali.

Shemeji akaacha kuja jumuiya. Hakuna aliyemfukuza. Kilichotokea ni vitu vidogo vidogo. Kwenye msiba mchango wake ulihesabiwa mara mbili mbele yake. Mama mmoja aliyezoea kumwachia ufunguo wa nyumba akaanza kuuchukua aende nao shambani. Kila mmoja wetu alijiona safi kidogo kuliko mwezi uliopita, na usafi wetu wote ulitoka kwake.

Ufipa tunalijua jambo hili tangu zamani, kwa sura nyingine. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za kamchape waliozunguka vijiji vya Ufipa mwaka 1963 na 1964, wakitafuta wachawi, wakichanja watu chale na kupaka dawa ili kijiji kitakate. Asili ya mambo hayo ni mchape, waliotokea Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, miaka ya 1930, wakaenea mpaka Rhodesia ya Kaskazini. Vijana wa mchape walikuwa na kioo kidogo. Watu walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa mtafutaji, naye akawatazama kwenye kioo kile, akamtaja mwenye uchawi. Nimefikiri sana juu ya kioo hicho. Kioo kimetengenezwa ili mtu aone uso wake. Mtume Yakobo naye anazungumza juu ya mtu anayejitazama kwenye kioo kisha akasahau alivyo. Wale wa mchape hata kusahau hawakuhitaji, kwa sababu kioo walikiinamisha pembeni kidogo, wakawaona wengine tu. Na bibi alisema kijiji kilipoambiwa kimetakata, watu walipumua, wakala, wakacheza ngoma, na baada ya miaka michache wakaanza tena kutazamana. Nilipokuwa kijana niliisikiliza kama habari za watu wasiojua Injili. Bibi alikuwa ameshabatizwa wakati ule, na waliopanga mstari wengi wao pia.

Nisiende mbali. Februari 2025.

Sisi katika jumuiya husoma Injili ya Jumapili inayokuja. Juma lile ilikuwa Luka sura ya 6, maneno ya kuwapenda adui na kutohukumu, ambayo yangesomwa kanisani tarehe 23. Jumapili iliyofuata, tarehe 2 Machi, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, Luka huyo huyo angeendelea na kibanzi na boriti. Ni kama Kanisa lilikuwa limenipangia Jumapili mbili mfululizo. Mwishoni mwa somo lile la kwanza Bwana anazungumza juu ya kipimo: kipimo kinachoshindiliwa na kutikiswa mpaka nafaka inamwagika, na kwamba kile tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa.

Mimi ndiye niliyekuwa naeleza. Na kwa kweli somo lile nilikuwa nalijua kwa mikono. Miaka zaidi ya ishirini nimenunua mahindi. Najua kushindilia, najua kutikisa debe chini mara tatu ili punje zikae, halafu kuongeza, halafu kuweka kilima juu. Nikawaeleza kwa raha. Nikasema, "Chukueni mfano wa debe. Bwana anasema debe utakalompimia mwenzako, ndilo atakalokuletea Mungu akupimie wewe."

Mjukuu wangu wa miaka minane alikuwa amekaa miguuni pangu. Yeye hunisaidia ghalani siku za Jumamosi. Akanitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza aniletee kipi:

"Babu, lile la kununulia au lile la kuuzia?"

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichonitisha. Kama wangecheka, ningecheka nao kama nilivyozoea. Walinyamaza wote, wakatazama mkeka, kwa namna ileile walivyotazama mkeka siku ya Novemba. Mke wangu akamvuta mtoto akamwambia anyamaze. Mtoto hakuwa amekosa. Alitaka kuelewa Injili.

Nilimaliza mkutano, sijui kwa maneno gani.

Usiku niliwasha taa ghalani. Nilikuwa na mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa jirani. Nikajaza debe la kuuzia kwa kilima cha kawaida, nikapima: kilo 17. Nikajaza debe la kununulia, kwa kilima kile kile: kilo 20. Nikarudia. Kilo 20. Ni debe sita kwa gunia, kwa hiyo kila gunia nililonunua lilikuwa na kilo 18 ambazo sikuzilipia.

Mtu akiwa peke yake na hesabu kama hiyo hutafuta wakili, na mimi nilimpata upesi ndani yangu. Kila mnunuzi analo debe kama hili. Mkulima mwenyewe analiona, anakubali, hakuna aliyemlazimisha. Debe lenyewe si kipimo halali, lilianza kama bati la mafuta ya taa la galoni nne, likageuzwa. Sheria inataka mizani, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua kwa mizani, basi mkulima angepeleka huko. Lakini mimi mwenyewe najua ni nani anayekuja kwangu. Ni yule mwenye gunia mbili na shida ya leo, mtoto anayesubiri sare ya shule, ambaye hana nauli wala nafasi ya kungoja foleni. Mtu huyo amelima kwa jembe, amefukia majani kwenye matuta ya intumba kama mababu zake walivyofanya, amepalilia kwenye mvua na kuvuna kwenye baridi ya mwezi wa sita. Mimi namsubiri mwisho wa safari na debe lenye mimba.

Novemba sikumruhusu shemeji awe na wakili. Alisema "mjukuu aliugua", na mimi nikaita hicho kisingizio.

Halafu nikakumbuka jambo lililonitoa jasho. Msimu wa 2024 shemeji aliniuzia mahindi gunia tano. Nikachukua kalamu. Debe thelathini, kila debe kilo tatu za ziada, ni kilo 90. Nilinunua debe kwa Sh 6,800, kwa hiyo kilo ni Sh 400. Jumla Sh 36,000. Haikufika ile 43,500, lakini ilikaribia vya kutosha. Mwezi wa nane, mtoto alipougua, Sh 36,000 za mama yule zilikuwa ghalani kwangu.

Sikwenda kesho yake. Nilipitisha siku kadhaa, na Jumapili ile ya kibanzi na boriti nikaisikiliza kanisani nikiwa nimekaa benchi la nyuma. Jumatatu jioni nikaenda.

Nilipiga hodi, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Akaitikia, "Milele, amina. Karibu, mwenyekiti." Hakuniita shemeji. Akaniletea kigoda, yeye akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza habari ya debe, kilo, na Sh 36,000, nikaziweka juu ya meza. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, au kwa hasira yake. Nadhani moyoni nilikuwa nimejiandaa hata kusifiwa kidogo.

Akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Habari ya debe. Shemeji, sisi sote tunajua. Mtu aliyepima mahindi yake nyumbani, akayapima tena kwako yakapungua nusu debe, utamdanganya nini? Tungemuuzia nani mwingine?"

Nikamwuliza mbona siku ile, nilipokuwa nimesimama nikimtaja Yuda, hakusema. Neno moja tu lingetosha kunikalisha chini. Jumuiya nzima ingemwelewa.

Alikaa kimya, akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje.

"Nilitaka kusema. Lilinifika hapa," akagusa koo. "Nikaona nikilisema, watu watageuka kukutazama wewe, na mimi nitaondoka pale kama sikuchukua hela. Nami nilizichukua."

Sijasikia mahubiri yaliyoniingia kama maneno yale, na nimesikia mahubiri mengi. Bwana hakusema kibanzi hakipo. Alisema tutoe boriti kwanza, ndipo tuone vizuri kukitoa kibanzi. Siku zote nilifikiri hatari ni kukikuza kibanzi cha mwenzangu. Mama yule aliona hatari nyingine ambayo mimi sikuwa nimeifikiria: kuitumia boriti ya mwenzako kuficha kibanzi chako. Siku ile katika chumba kile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeitazama dhambi yake bila kuitafutia mwenzi, na ndiye tuliyemnyang'anya daftari.

Alizipokea zile fedha. Sikutarajia, na kwa aibu niseme kwamba sehemu yangu ilitaka azikatae ili nirudi nazo na moyo mweupe. Alizihesabu mbele yangu, kama sisi tulivyokuwa tukihesabu michango yake. Juma lililofuata alikuja jumuiya, akaweka Sh 43,500 mezani, akasema ni deni lake. Nami nikasimama, nikasema la debe mbele ya wote, na la sahihi zangu. Nilisema kwa ufupi kuliko nilivyokuwa nimepanga, sauti ilinikatika. Mzee wa hadithi ya Milanzi hakusema kitu. Alisogea kwenye mkeka akampa shemeji nafasi karibu yake.

Msisome haya mkadhani mambo yamenyooka. Nilitaka kuacha uenyekiti, wakanikatalia, na baadhi yao hawanitazami usoni. Wenzangu wa biashara wanasema nimewaharibia. Shemeji nilimlipa kwa sababu nilijua gunia zake ni ngapi. Wengine siwajui. Ni watu wa vijiji vya juu, walikuja na baiskeli na bajaji na punda miaka zaidi ya ishirini, sina daftari lao. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Nikisoma habari yake sasa huwa najiuliza aliwapataje.

Lile debe nililipeleka kwa fundi wa bati anyooshe. Akalizungusha mikononi, akasema bati likishatunishwa halirudi, ukiligonga upande huu linatuna upande ule. Nikanunua mizani.

Mwezi wa saba mwaka 2025 alikuja mama mmoja kutoka juu, na gunia mbili juu ya baiskeli iliyosukumwa na mwanawe. Nilipoanza kutundika mizani kwenye boriti ya ghala akanizuia. Alisema mizani haijui, ina maandishi madogo, na wanunuzi wa mizani wamewahi kuwachezea kijijini kwao. Anataka debe.

"Lako nalijua," akasema. "Lina mimba, lakini nimelizoea."

Nikamwambia debe lile halipo tena. Hakuniamini. Alitazama nyuma yangu ghalani, pembe zote. Mwishoni alimtuma mwanawe akaazime debe kwa jirani, debe ambalo mimi sijaligusa, wakapima kwa hilo kwanza, wao wenyewe, kisha wakaruhusu nipime kwa mizani. Ilituchukua karibu saa nzima. Nilikaa pembeni kwenye gunia tupu, nikawaachia wapime.